Mume wa Pili wa Chuo Kikuu

Majira yote ya baridi ya mwaka ule, mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka kando ya barabara, niliamini kwamba chuo kikuu cha Kanada kikishampa mwanamke shahada ya uzamivu ya saikolojia, kinampa na mume wa pili.

Sisemi nilishuku. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba ugali hausongwi kwa maji baridi. Ningeulizwa mahakamani ningeapa, na hakimu mwenyewe angetoka pale akamwangalie mkewe.

Aliyenipa habari hiyo ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu, ambaye pia nilikuwa nikifanya naye kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Tulikuwa chini kabisa ya jengo letu, pale Flemingdon Park, Toronto, katika chumba cha mashine za kufulia. Tumekaa juu ya meza ya kukunjia nguo, tunangoja mashuka, tunatafuna biskuti zilizovunjika, maana kiwandani zilizovunjika zilikuwa halali yetu, na sijawahi kuona biskuti zinazovunjika kwa wingi kama zile zilizopita mikononi mwa jirani yangu.

“Bibi yako alishamaliza masomo?” akaniuliza.

“Alishamaliza. Ni daktari wa mambo ya akili. Sasa yuko kwenye mafunzo ya baada ya uzamivu, mwaka mmoja, katika kituo cha ushauri cha chuo kikuu. Wanafunzi wenye huzuni wanamwendea, anawasikiliza.”

“Yeye peke?”

“Ana msimamizi wake. Mzungu mmoja mrefu. Wanakaa pamoja kila Alhamisi, saa nzima.”

Jirani akaacha kutafuna. “Mulango wazi?”

“Umefungwa.”

“Na anamwambiaka nini?”

“Kila kitu. Kazi yake, makosa yake, hata yanayompita moyoni.”

“Yaya!” Aliruka kutoka mezani kama shuka limeshika moto. “Na weye unalalaka tu! Ule ni bwana wa pili! Njo vile iko kwa bale ba psychologue. Chuo kinamupatia bwana wa kumusikiliza, mwaka muzima. Mwaka ikiisha, anachagula: bwana wa nyumba ao bwana wa chuo.”

“Acha mzaha.”

“Muzaha? Binamu yangu wa Montreal, bibi yake njo vile walimufanya. Leo iko Vancouver na ule musimamizi, wako na mbwa.”

Baadaye sana ilikuja kubainika kwamba huyo binamu hakuwahi kuoa. Lakini siku ile, kwenye joto la zile mashine, ni yule mbwa aliyenimaliza. Mtu akitunga uongo hafiki mpaka kwenye mbwa.

Na mnaonicheka, nisikilizeni kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mwali hakabidhiwi mume hivi hivi, hukabidhiwa kwanza kungwi. Kungwi humfundisha, humkosoa, na mambo ya unyumba ambayo mwali hawezi kumwambia hata mama yake mzazi, kungwi huyasikia yote, mlango umefungwa. Hata baada ya arusi, neno likimshinda ndani ya nyumba, mke humwendea kungwi wake. Hakuna bwana arusi mwenye akili anayemwonea wivu kungwi, kwa sababu kungwi ni mwanamke, tena mara nyingi ni shangazi wa watu mwenye meno matatu na ugoro. Kwa hiyo jirani aliponiambia habari zake, mimi sikuona jambo geni. Niliona jambo ninalolijua, ila limeharibiwa. Wazungu wamechukua ukungwi, wakampa mwanamume. Tena mwenye meno yote.

Tulikuja Toronto pamoja, mke wangu na mimi, yeye na ufadhili wake wa masomo, mimi na mabegi. Watu walipouliza nani kamfuata nani, nilikuwa najibu kwamba mwenye mabegi ndiye aliyetangulia. Alipoanza uzamivu, mimi nilianza shule ya jioni, maana cheti changu cha nyumbani hakikutambuliwa na mtu yeyote upande huu wa dunia. Asubuhi kiwandani, jioni darasani, na mbele yangu kaka mmoja wa Kiguyana anayelala mdomo wazi. Nilifanya mtihani wa hesabu ambao nadhani hata waliouandika walitoka nje kwanza wakalia. Nikafaulu. Yeye alipovaa joho lake jekundu, na mimi nilikuwa na cheti changu cha sekondari, nikakitia fremu kubwa kuliko dirisha, nikakitundika juu ya televisheni. Cha kwake kilikaa kwenye bahasha yake, kabatini. Mimi sikulalamika.

Miaka hiyo yote nyumba yetu ilikuwa redio. Mwalimu gani kamsema nani, mwanafunzi gani kalala maktaba, profesa gani ana mke mdogo: yote niliyajua. Nami nilimpa kiwanda chote, mpaka mashine ya kufungia pakiti ilivyokuwa na kwikwi. Tulikuwa tukikaa kula wali, wali unapoa, hatujali.

Mwaka wa mafunzo ulipoanza, redio ikazimwa.

“Habari za kazi?” namwuliza.

“Nzuri.”

“Nzuri vipi?”

“Nzuri tu, mume wangu. Unajua siwezi kusema.”

Nilijua. Alishanieleza kwamba anayoambiwa na wanafunzi ni siri, hayatoki, hata karatasi haiji nyumbani. Sawa. Siri za watu sizitaki. Lakini kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye siri hizo zilimfikia, naye ni yule mrefu wa Alhamisi. Kwake ilikuwa ruhusa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilipewa “nzuri”, kama mpita njia.

Halafu likaanza lingine. Akaanza kuja na maneno yake. Tuko jikoni, nakuna nazi, anasema, “Msimamizi wangu anasema mtu akinyamaza, usikimbilie kumjazia.” Siku ya pili, “Msimamizi wangu kaniuliza leo, huyu kijana anapokasirika, wewe unasikia nini moyoni?”

Mbuzi ya nazi ikanikwama. “Ukamwambia?”

“Nikamwambia.”

“Unasikia nini?”

Akafikiri. “Ndefu,” akasema, akaenda kuoga.

Ndefu! Kwa yule wa chuo ilikuwa saa nzima, kwangu mimi ilikuwa neno moja. Nilikuna nazi ile mpaka nikafika kwenye kifuu, nikaendelea.

Nilikuwa nimemwona mara moja tu, huyo bwana, mwanzoni mwa mwaka, nilipokwenda kumpokea mke wangu. Alikuwa na sweta rangi ya chai ya maziwa, viraka vya ngozi kwenye viwiko, na kikombe cha kahawa alichokishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Hakusema mengi. Aliinamisha kichwa upande mmoja ukizungumza, akakutazama kana kwamba unachosema kitamponya mama yake. Nilimwambia habari za hali ya hewa, na nasema kweli, nilijikuta ninataka kumwambia na habari za baba yangu. Mtu wa hatari kabisa. Wanaume wazuri wa sura nawaweza, wenye magari nawaweza. Lakini mwanamume anayesikiliza utamshindaje?

Nikaamua kumshinda kwa silaha zake. Nikaenda duka la mitumba pale Eglinton, nikapata sweta. Viraka havikuwepo, nikamwomba jirani yule yule, aliyewahi kuwa fundi cherehani Bukavu, anishonee viwili kutoka kwenye mkoba wa zamani. Jumamosi moja mke wangu anarudi kutoka sokoni, ananikuta mezani, sweta mwilini, kikombe kwa mikono miwili, kichwa upande.

“Shingo inauma?” akaniuliza.

“Hapana. Karibu. Wiki hii umesikia nini moyoni?”

Akaweka vitunguu chini. Akanitazama, akatazama sweta, akatazama viwiko. “Baba weye,” akasema, “una nini?”

“Nakuuliza tu.”

Akakaa. Kweli alikaa, na koti lake bado mwilini, akanyamaza, mimi nikakumbuka kwamba mtu akinyamaza hajazwi. Basi nikangoja. Sijapata kungoja vile hata ofisi ya uhamiaji. Mwishowe akasema, “Nachoka kusikiliza. Kutwa nzima nasikiliza. Nikifika hapa na wewe unaanza: kiwanda, jirani, mashine. Wakati mwingine naona hakuna pa kuuweka mzigo wangu.”

Hapo ndipo mahali pa kunyamaza, leo ninajua. Mimi nikasema, “Ile mashine sasa wameitengeneza, haina kwikwi tena.”

Akacheka kidogo, akasimama, akaanza kumenya vitunguu. Sikujua machozi yake yalikuwa ya nini, na vitunguu vile viliharibu ushahidi.

Wiki chache baadaye, theluji imekuwa matope, tuko mezani, samaki wa kukaanga mbele yangu. Akasema, “Mwaka wangu unakaribia kuisha. Inabidi nichague.”

Mimi ni mtu niliyekula chapati njia nzima kwenda kwenye ule mtihani wa hesabu. Siku hiyo samaki alinitazama, nikamtazama, hatukuwezana.

“Uchague nini?” Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya chupa.

“Nitakwambia nikishapata uhakika. Kwanza nataka nizungumze na msimamizi wangu, Alhamisi.”

Basi. Kila neno la jirani lilikuwa limetimia: mwaka kuisha, kuchagua, na bwana wa chuo kuambiwa kabla ya bwana wa nyumba. Kilichobaki ni mbwa tu.

Jirani nilipomweleza, alinishika bega kama tuko matangani. “Yaya, usikubali achagule weye hauko. Wende pale. Akuone na macho.”

“Niende kusema nini?”

“Usiseme kitu. Beba chakula. Mwanamuke akikuona na chakula, roho inarudi.”

Alhamisi ikafika. Niliomba ruhusa kiwandani, nikapika pilau kama ya arusi, viungo vya kuamsha jengo zima, nikaitia kwenye hotipoti kubwa, nikaifunga kwa kanga ya mke wangu ili ajue imetoka kwa nani, nikavaa suti. Ndani ya basi abiria waligeuka mmoja mmoja, na dereva, sina shaka, aliendesha polepole kwa makusudi ili harufu isimwishe.

Kituo cha ushauri kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani la matofali. Viti laini, mmea mkubwa, boksi la tishu kila mahali, hata mtu asiye na shida akikaa pale dakika chache angeanza kujitafutia moja. Nje ya kila mlango, chini sakafuni, kulikuwa na kimashine cha duara kinachovuma kama mvua ya mbali, ili anayekaa nje asisikie yanayosemwa ndani. Nikasema moyoni, ama kweli hawa watu wamejipanga.

Mapokezi alikaa mama mmoja Mhindi, Mwismailia, miwani imening'inia kifuani. Alitazama kanga ya hotipoti kabla ya kunitazama mimi.

“Karibu, baba,” akasema, Kiswahili safi cha Mwanza. “Mume wa daktari wetu? Kaa. Yuko na msimamizi wake, watatoka sasa hivi. Hiyo ni pilau?”

“Ni pilau.”

“Mungu wangu. Miaka yote hii nanusa kahawa tu.”

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wao. Nikategesha sikio. Mvua. Nikasogea. Mvua. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikainama mpaka sikio likakaribia kile kimashine. Mvua, masika ya Tanga yote yamo humo ndani.

“Baba,” mama akaniita, “viatu vyako havina kamba.”

Ni kweli. Vilikuwa vya kuchomeka. Nikarudi nikakaa sawasawa. Na hapo hapo, juu ya ile mvua, nikasikia kicheko. Cha mke wangu. Siyo kile kidogo cha vitunguu. Kile kikubwa, cha chini ya tumbo, alichokuwa akikicheka zamani tukiwa na wali unaopoa, ambacho nyumbani kwangu sikuwa nimekisikia tangu kiangazi. Ninaweza kusimulia kwa mzaha mambo mengi ya mwaka ule, lakini kicheko kile sikiwezi. Nilikaa na hotipoti mapajani, moto wake unapita kwenye suti, na niliona ni afadhali uniunguze.

Mlango ukafunguka. Wakatoka wote wawili, yule bwana na kikombe chake, mke wangu na uso mwepesi. Aliponiona alisimama.

“Vipi? Kuna nini nyumbani?”

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, mazuri, yenye heshima. Yote yalipotea. Nikasimama, hotipoti mikononi, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ilifika nyumbani Flemingdon Park bila basi: “Chagua!”

“Nichague nini?”

“Mwaka umeisha. Mimi au huyu. Mimi nimekuja mwenyewe, na chakula, siyo kama yeye na kikombe kitupu. Chagua niko hapa nakuona!”

Kijana mmoja aliyekuwa anangoja alivuta tishu, kwa tahadhari. Yule bwana aliinamisha kichwa upande, akamgeukia mama wa mapokezi, akamwuliza kwa Kiingereza mgeni anasema nini.

Mama akavaa miwani yake taratibu. “Anasema ameleta pilau,” akajibu, “na anawakaribisha.”

Bwana yule akafurahi kweli kweli. Akanishukuru, akanipa mkono, akasema amesikia mengi kuhusu mapishi yangu. Mengi! Mke wangu hakungoja zaidi. Alinishika kiwiko, akaniingiza kwenye ofisi yake ndogo upande wa pili, akafunga mlango. Hotipoti ilibaki kwa mama wa mapokezi, na kwa ninavyomwelewa, ilikuwa imefunguliwa kabla hatujakaa.

Ndiyo mara ya kwanza nilikaa pale wanapokaa wanafunzi wake. Yeye akakaa mbele yangu. Alinitazama kwa muda, hakunijazia. Basi nikasema yote: mashine za kufulia, mume wa pili, binamu wa Montreal, Vancouver, mbwa, kungwi, sweta, samaki, na kicheko. Hasa kicheko. Sikumbuki kuwahi kuongea bila kuongeza chumvi kama siku ile.

Hakucheka. Nilidhani atacheka.

“Tulikuwa tunanicheka mimi,” akasema. “Nilikuwa nimemsimulia siku ya kwanza nilipomwona mgonjwa peke yangu, nilivyoingia chumba kisicho changu, nikamhoji fundi wa umeme.”

“Mbona mimi hukunisimulia hiyo?”

“Nilianza. Ukaniambia kiwandani kwenu pia kuna fundi wa umeme.”

Nikakumbuka. Yule fundi wetu alikuwa na hadithi nzuri, lakini huo haukuwa wakati wake.

“Na kuchagua?” nikauliza. “Unachagua nini?”

“Kazi. Hapa wamenipa nafasi nibaki. Na kuna zahanati Mount Dennis inataka mtu wa Kiswahili, kwa ajili ya akina mama wa Kongo na Burundi. Sikukwambia kwa sababu ukijua wewe jioni, jengo zima linajua asubuhi, na nilikuwa bado sijaamua. Leo nimeamua. Naenda Mount Dennis.”

“Na yeye?”

“Yeye anabaki. Hapa ni kazini kwake.”

Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akasema polepole, kama anavyosema na mtu ambaye ni lazima aelewe kabla ya kutoka mlangoni:

“Sikiliza, mume wangu. Chuo kikuu hakimpi mtu mume. Mimi sina leseni bado, na sheria inataka mwenye leseni aisikilize kazi yangu na aibebe dhamana yake mpaka nipate leseni yangu. Nikikosea, ataulizwa yeye. Kila mwanasaikolojia hapa alipitia hivyo, hata yeye mwenyewe alikuwa na msimamizi, mama mmoja mzee. Yule ni mwalimu wangu, basi. Mume wangu ni wewe.”